Mwalimu Aliyezikataa Kura Zetu

Ninyi vijana mliozoea kusoma kwa kutelezesha kidole kwenye simu, haya yasomeni polepole, kwa sababu na mimi nimeyaandika polepole. Kuandika nimejifunza nikiwa tayari na wajukuu wawili, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yanagonga mbao. Aliyenifundisha ndiye nitakayemsema hapa. Jina lake silitaji. Mtaa mzima wa Ipuli tulimwita Mwalimu, mkewe naye alimwita Mwalimu, basi na ninyi mwiteni hivyo hivyo.

Msingoje niwaeleze alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani. Sijui, na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba alihamishiwa kwetu kutoka Puge, akaja na baiskeli, godoro na sanduku la vitabu, na alipostaafu hakuondoka.

Na jambo kubwa nawaambia mapema, msije mkasema nimewaficha. Mtu huyu huyu aliyetushikisha kalamu ndiye aliyezikataa kura zetu. Alizikataa mbele ya watu, jua likiwaka, na mdogo wangu Tatu akaukosa uenyekiti wa mtaa kwa kura tano. Zetu zilizowekwa pembeni zilikuwa kumi na moja. Nilikaa na jambo hilo kifuani miaka mitano. Nimechoka kukaa nalo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo hata kwenye jua la Oktoba. Mfukoni hakukosa matobolwa. Alitafuna vile viazi vikavu huku anasahihisha, na madaftari yetu yalirudi na chenga ndani, ukiyafungua sisimizi wanakimbia. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimama kwa kuburuza mguu, kwa hiyo kiatu cha kulia kiliisha mapema na cha kushoto kikabaki kipya. Lakini mtu huyo wa baiskeli isiyo na breki, akiona herufi yako imetoka nje ya mstari, alikurudisha ukurasa mzima.

Mkewe alimwambia siku moja tukiwa barazani kwao, "Mwalimu, breki hutengenezi mwaka wa ngapi huu, halafu herufi ya Mama Kulwa ndiyo inakunyima raha?"

Mama Kulwa ni mimi.

Akamjibu, "Baiskeli naiendesha mwenyewe, nikianguka nimeanguka mimi. Herufi ya Mama Kulwa itasomwa na watu."

Alikuwa na ukali wa namna hiyo. Hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Nionyeshe," halafu akanyamaza mpaka wewe mwenyewe ulione kosa lako. Ukimwambia umeelewa, "Nionyeshe." Ukimwambia umechoka, hakujibu kitu. Msibani alikaa na wazee saa nzima bila kusema, kisha akatoa jambo la kuchekesha kuhusu marehemu, watu wakacheka huku wanalia, na wengine wakamchukia kwa hilo. Mimi kwenye msiba wa mume wangu sikumchukia. Alisema marehemu aliwahi kumwomba amsomee barua, akaisoma yote mpaka mwisho, ndipo mume wangu akamwambia, "Asante Mwalimu, sasa mpelekee jirani, ni yake." Nilicheka siku hiyo. Sikutegemea.

Kisomo chetu cha watu wazima kilikuwa Jumanne na Alhamisi, alasiri, watoto wakishatoka shule. Tulikuwa wanawake kumi na watatu. Tuliacha mahindi yameanikwa, tukaja na madaftari tumeyafunga kwenye kanga. Yupo mmoja nitakayemtaja, Mama Furaha, kwa sababu bila yeye habari hii haikamiliki. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, yeye akakulia kwenye makazi ya Ulyankulu, akaolewa huku mjini. Karatasi ya uraia aliipata akiwa mtu mzima, na aliitunza ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mpole kiasi kwamba akiulizwa swali darasani alisimama kwanza, akaomba radhi, ndipo akajibu.

Sasa sikilizeni namna Mwalimu alivyotufundisha, maana balaa lilianzia hapo. Aliandika ubaoni neno moja mara tatu. Moja sahihi, mawili ameyakosea makusudi. Sisi tunayanakili, kisha mbele ya lililo sahihi tunaweka alama ya vema, na mbele ya kila lililokosewa tunaweka kosa, ile mistari miwili inayokatana. Ukiweka vema peke yake ukaacha mengine wazi, alikupa sifuri.

"Mwalimu, si nimeshaonyesha lililo sahihi?" nilimuuliza siku ya kwanza aliponipa sifuri.

"Umeonyesha moja. Haya mawili je? Nitajuaje kama umeyakataa au hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Nionyeshe. Usiache mstari mtupu."

Mwaka mzima hivyo. Vema moja, kosa, kosa. Usiache mstari mtupu. Mkono ulizoea mpaka nikichambua mchele najiona kama naweka kosa kwenye kila jiwe.

Nyuma ya shule inapita njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu enzi za misafara, sasa wanapita wauza mkaa. Mwalimu hakupenda hadithi nyingi za kale, lakini uchaguzi ulipokaribia alituonyesha dirishani. Akasema, "Hapo walipita watu wamehesabiwa pamoja na mizigo. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Ninyi mtaulizwa. Kila mtu apige yake." Akageuka ubaoni akaendelea na silabi. Mama Furaha aliendelea kuangalia ile njia mpaka Mwalimu akamwita mara mbili.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa mtaa, na ugomvi wake ulikuwa kisima. Tulichimbiwa kisima cha pampu karibu na shule, mwenyekiti akakitia kufuli, funguo zikakaa nyumbani kwake. Ukitaka maji, uende ukabembeleze. Akiwa amekasirika na mumeo, wewe hupati maji. Tatu, mdogo wangu, amemaliza darasa la saba na mdomo anao. Akachukua fomu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema jambo moja tu: "Nikiingia, kufuli linatoka siku hiyo hiyo." Akatokea na mgombea wa tatu, kijana mmoja fundi redio, basi karatasi ikawa na majina matatu.

Majina matatu. Mmeshaelewa.

Siku ya kupiga kura msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu. Miaka yote alikuwa yeye, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa hata soda akaipokea siku ile. Alikuja na maji yake na matobolwa yake. Nilipewa karatasi na karani, nikaingia nyuma ya lile boksi la kujifichia, nikaona majina matatu yamepangwa, kila moja na chumba chake. Moyo ukafurahi, nawaambia kweli. Nikasema, hii naijua. Kwa Tatu nikaweka vema. Kwa mwenyekiti nikaweka kosa, nikalikandamiza hasa, kalamu ikatoboa karatasi. Kwa fundi redio nikaweka kosa la adabu, kwa sababu hakunikosea kitu. Sikuacha mstari mtupu. Nikakunja, nikatumbukiza, nikatoka kifua mbele.

Saa kumi jioni kituo kikafungwa, wakaanza kuhesabu. Darasa lile madirisha hayana vioo, na sisi tulikaa nje nyuma ya kamba ya katani tukingoja. Maneno hayakutufikia vizuri lakini mkono wa Mwalimu tuliuona. Kila karatasi aliinyanyua juu, akawageuzia mawakala wa wagombea, akaiweka kwenye fungu lake. Halafu ikaja moja akaishika muda mrefu. Wakala mmoja akasimama, akanyoosha kidole. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaiweka pembeni peke yake, akaweka jiwe juu upepo usiichukue. Ikaja nyingine, chini ya jiwe. Na nyingine. Ya nne aliponyanyua, mwanga wa jua ukapita katikati ya karatasi kwenye tundu. Nikaijua. Ilikuwa yangu.

Vijana waliokuwa karibu na dirisha wakatuletea habari kabla ya matokeo. "Zimeharibika! Za bibi zetu wa kisomo!"

"Zimeharibikaje?"

"Mmesahihisha uchaguzi! Mwenyekiti mmempa kosa!"

"Hawajampa na maksi?" mwingine akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Tatu alikuwa amesimama na kanga mkononi. Hakucheka.

Mwalimu akatoka kutangaza. Alisoma za kila mgombea, akafika mwisho akasema, "Kura zilizokataliwa, kumi na moja."

Mtu akapaza sauti, "Si useme zimeharibika, Mwalimu, tuelewe!"

Hapo ndipo alipotumaliza. Maana yeye neno likikaa vibaya hawezi kuliacha, hata nyumba ikiwa inaungua. Akasema, "Hazikuharibika. Karatasi iliyoharibika ni ile umekosea ukiwa bado unayo mkononi, ukairudisha kwa karani, ukapewa nyingine. Hizi zimetumbukizwa. Wengine wanaziita mbovu, wengine batili, mtaani mnasema zimeoza. Kwenye fomu hii neno lake ni kukataliwa. Zimekataliwa."

Mama Furaha alikuwa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura tangu azaliwe. Akainua mkono kama darasani, akaomba radhi kwanza.

"Samahani, Mwalimu. Kwa hiyo na hapa nimekataliwa?"

Mwalimu alishika zile fomu, akaziangalia, akamwangalia Mama Furaha, akarudi ndani.

Jumanne iliyofuata hakuna aliyekwenda kisomo. Hatukupanga, kila mtu alikaa kwake. Nilipita na ndoo, nikienda kuchota mbali kwa sababu kufuli lilikuwa palepale, nikamwona kupitia dirishani amekaa mbele ya madawati matupu, shati limefungwa mpaka shingoni. Alhamisi tena yupo. Wiki ya pili yupo. Alikuwa ameandika tarehe ubaoni.

Baadaye akaanza kuzunguka majumbani. Alikuja na karatasi alizochora kwa rula, vyumba vitatu vitatu, anakwambia weka alama moja tu, mengine yaache wazi. Yeye aliyekuwa akitupa sifuri kwa kuacha wazi! Kwangu alifika asubuhi. Mgeni kwangu hupewa kigoda na maji kabla hajasema shida yake, hata akiwa mwizi. Siku ile sikutoa kigoda. Nilimwacha amesimama juani.

"Mwangaluka, Mama Kulwa," akanisalimia Kinyamwezi, ajabu, maana lugha ya nyumbani hakuitumia kazini.

"Mwalimu, hapa hakuna mwanafunzi."

"Dakika tano tu."

"Tatu amelia siku tatu. Ninachota maji nusu ya siku. Ulijua tulichotaka kusema au hukujua?"

Akasema, "Nilijua."

Basi. Hakuongeza. Nilingoja aongeze. Angesema sheria, angesema aliamrishwa, angesema chochote, ningemtukana nikapoa. Akapanda baiskeli akaenda, kiatu kinaburuza mteremkoni.

Aliyempokea wa kwanza ni yuleyule aliyeumizwa kuliko wote. Nilimkuta Mama Furaha amekaa naye kibarazani, anaweka vema kwenye vyumba vya rula, anacheka kidogo. Mwalimu alipoondoka nikamuuliza mwenzangu kama hana haya.

"Dada, mimi nimekataliwa na watu wengi," akaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi nyumbani kwangu. Huyu amerudi."

Hata hivyo sikulegea. Mimi ni mgumu, mnanijua.

Miaka ikapita hivyo. Wenzangu wakarudi kisomo mmoja mmoja. Mimi nilisoma peke yangu, magazeti ya kufungia maandazi, lebo za dawa. Tukikutana njiani nilimwambia shikamoo kwa sababu ni mkubwa, akaniitikia marahaba, tukapishana. Nikasikia ameanguka bafuni, kiharusi, upande wa kulia umekufa. Nilipeleka unga kwa mkewe kupitia kwa mjukuu. Mwenyewe sikwenda.

Uchaguzi mwingine wa mtaa ukakaribia. Tatu akachukua fomu tena, safari hii na mvi. Siku mbili kabla, mke wa Mwalimu akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema, "Anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Hakuniambia. Mimi ananiambia nini siku hizi zaidi ya uji una moto?"

Nikaenda. Nilimkuta barazani, amefungwa kanga kiunoni asianguke kitini, kifungo cha shingo kimefungwa. Mapajani alikuwa na zile karatasi zake za vyumba vitatu, na kalamu katika mkono wa kushoto. Alikuwa anajaribu vema. Mkia wa vema ulianzia chumba cha juu ukaishia cha chini. Zilikuwa nyingi, zimeanguka sakafuni, zote hivyo.

Maneno yake yalitoka upande mmoja, lakini yalisikika. "Unaona hizi? Ningekuwa msimamizi, zote ningezikataa."

"Naona."

"Sheria inaruhusu mtu kama mimi kuchagua wa kumsaidia. Nataka mkono wako."

"Mkeo je?"

"Huyu tangu tuoane ananichagulia mashati. Atanichagulia na mwenyekiti."

"Nimekusikia!" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nina hasira na wewe. Unajua?"

"Ndiyo maana. Wewe utaandika ninachosema, hutanionea huruma." Akapumzika, kisha akasema, "Yako ilikuwa ya nne. Umekandamiza mpaka ikatoboka."

"Uliijua?"

"Zote kumi na moja nilizijua. Niliwafundisha mimi. Kosa la Mama Furaha linaegemea kushoto. La kwako linatoboa. Wakala akaniambia, Mwalimu, hii si inaeleweka? Kwangu mimi inaeleweka, nikajisemea moyoni, kwa sababu najua mwenye mkono. Mtu mwingine akiona alama tatu angesemaje? Na mimi nikisema naikubali kwa kuwa namjua aliyeiandika, nimewaambia watu wote umemchagua nani. Kura yako ni siri, hata kwangu."

"Ungetuambia. Miaka mitano, Mwalimu!"

"Ningewaambiaje? Niseme, wewe na wewe na wewe, nilizijua zenu? Kosa lilikuwa langu, sikutaka kulipunguza kwa maneno." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kiharusi kinafanya hivyo, sisemi alilia. "Niliwafundisha kukataa kwa maandishi. Sikuwafundisha kurudisha karatasi. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua kwamba mtu akikosea anaweza kurudi akaomba nyingine."

Nikainama nikaziokota zile karatasi sakafuni, nikazipanga. Nilihitaji kazi ya mikono.

Siku ya kura tulimpeleka kwa mkokoteni wa maji, mito imewekwa chini yake. Nilipiga yangu kwanza, alama moja, mengine nikayaacha wazi, na mkono uliniwasha kwa kuyaacha. Kisha nikasimama naye nyuma ya boksi. Akaninong'oneza jina. Sitawaambia ni lipi. Tatu ameniuliza mara tatu na amenikasirikia mara tatu. Nitasema tu kwamba kalamu ilikuwa nzito, na kwamba nilimuuliza, "Hilo?" akaniambia, "Nionyeshe." Nikaweka vema pale aliposema, ndani ya chumba, bila kugusa mstari. Nikamshikia karatasi mbele ya uso. Akaiangalia kama anavyosahihisha, polepole, akafumba macho. Nikakunja nikatumbukiza.

Tatu alishinda. Kufuli lilitoka siku hiyo hiyo kama alivyosema, na tukakuta pampu imekufa kwa kutu. Mpaka naandika tunangoja kipuri kutoka mjini, kila wiki tunaambiwa wiki ijayo. Bado nachota mbali. Ndivyo mambo yetu yalivyo, msitegemee niwadanganye.

Jioni ile nilikwenda kumpa Mwalimu matokeo. Watu walikuwa wanapiga vigelegele barabarani. Nilimkuta amelala ubavu, mkewe anampepea. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu, wamemaliza."

Hakuuliza nani ameshinda.

"Zilizokataliwa ngapi?"

"Mbili."

"Zina alama gani?"

"Moja haina kitu. Nyingine wameandika tusi."

"Za kisomo?"

"Hakuna ya kisomo."

Akafikiri. "Kuna aliyerudisha karatasi?"

"Mmoja. Mama Furaha. Mkono uliteleza. Akaomba radhi, akasema mbele ya watu wote, nimekosea, nipeni nyingine. Wakampa."

Akatabasamu na ule upande uliobaki. Alisema "Vema," nikamsogezea shuka, nikatoka. Alifariki kabla ya mavuno. Msibani kwake nilingoja mtu aseme la kuchekesha, hakuna aliyeweza.

Karatasi yake moja ya vyumba vitatu, ile yenye mkia mrefu kuliko zote, ipo kwangu. Nimeitundika kwenye msumari juu ya mtungi wa maji, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Niliporudi kutoka makaburini niliwaita wote walio chini ya paa langu, wanangu, wake zao, wajukuu, nikawasimamisha mbele ya mtungi, nikawaambia: kuanzia leo, siku ya kura hatoki mtu hapa kabla hajachora vyumba vitatu na kunionyesha alama moja. Na katika nyumba hii, kwenye kura au kwenye jambo lolote, atakayekosea asikunje akatumbukiza. Arudishe, mbele ya watu, aombe nyingine.